Simu Zinapopigwa Marufuku Kazini: Je, Mtu Atapatikanaje Wakati wa Dharura?

  Mada yetu inawahusu hasa jamaa zetu waliohamia Marekani, lakini inawagusa pia ninyi mlio nyumbani, ambao huwapigia simu mara kwa mara na msijibiwe. Tutazungumzia zile kazi ambazo mfanyakazi hulazimika kuiacha simu yake ya mkononi mlangoni kabla ya kuingia. Je, mtoto akiugua ghafla shuleni, au nyumba ikishika moto, mzazi aliye kazini atapatikanaje?

Ili mazungumzo yasielee hewani, tumechagua miji mitatu ya Marekani ambako Kiswahili husikika kila siku. Wa kwanza ni Louisville, katika jimbo la Kentucky, wenye wakazi wengi kutoka Kongo, Somalia, Burundi na Rwanda. Louisville ni mji wa mizigo. Hapo ndipo kampuni ya UPS ilipokizindua mwaka 2002 kituo chake kikuu cha ndege kiitwacho Worldport, chenye uwezo wa kuchambua vifurushi zaidi ya 400,000 kwa saa moja, na kazi yake kubwa hufanyika usiku. Mji wa pili ni Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio. Jamii ya Wasomali wa Columbus huhesabiwa kuwa ya pili kwa ukubwa nchini Marekani baada ya ile ya Minneapolis, na wengi miongoni mwao waliishi miaka mingi katika kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya, ambako walijifunza Kiswahili. Kusini mwa mji huo, kandokando ya uwanja wa ndege wa mizigo wa Rickenbacker, yamejengwa maghala makubwa. Mji wa tatu ni Buffalo, katika jimbo la New York, ukingoni mwa Ziwa Erie na karibu na mpaka wa Kanada. Mashirika ya huko, kama vile International Institute of Buffalo lililoanzishwa mwaka 1918, yamewapokea wakimbizi kwa vizazi kadhaa, na katika mitaa ya magharibi ya mji huo Wakongomani na Warundi huishi jirani na watu kutoka Burma.

Kazi wanazozipata wageni hawa mwanzoni hufanana: kupanga vifurushi ghalani, kufungasha vyakula kiwandani, kufua mashuka ya hospitali, kuwahudumia wazee, au kujibu simu za wateja katika kumbi za huduma. Nyingi kati ya kazi hizo zina kanuni moja: simu ya mkononi haiingii ndani. Huwekwa katika kabati lenye kufuli au huachwa garini.

Ni haki, wasikilizaji, tuzitazame kwanza sababu za kanuni hiyo, kwani si zote ni za ukatili. Katika ghala lenye mikanda ya kusafirishia mizigo na magari ya kunyanyulia shehena, mtu anayetazama kioo cha simu badala ya kutazama mbele anaweza kupoteza mguu wake au kumwondolea mwenzake uhai. Katika viwanda vya vyakula, kanuni za serikali ya Marekani zinataka kila kitu kinachoweza kudondoka ndani ya chakula kiondolewe mwilini, ikiwa ni pamoja na hereni na pete. Katika kumbi za kujibu simu, mfanyakazi huona namba za kadi za benki za wateja, na simu yenye kamera inaweza kuziiba kwa sekunde moja. Na katika ghala linalohifadhi simu mpya kwa maelfu, mlinzi wa mlangoni hawezi kujua kwa urahisi ipi ni yako na ipi ni ya kampuni.

Hata hivyo, kanuni hiyo ina gharama yake, na gharama hiyo imekwisha kuonekana waziwazi. Usiku wa tarehe 15 Aprili 2021, mtu mwenye silaha aliwapiga risasi wafanyakazi wa kituo cha FedEx mjini Indianapolis, yapata mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Louisville, akawaua watu 8. Wafanyakazi wengi wa kituo hicho hawakuruhusiwa kuwa na simu ndani ya jengo. Jamaa zao walikusanyika katika hoteli moja ya karibu, wakakaa saa nyingi bila kujua ni nani aliye hai na ni nani aliyekufa. Simu zililia, lakini hapakuwa na wa kuzipokea.

Miezi 8 baadaye, tarehe 10 Desemba 2021, vimbunga vikali vilipiga majimbo kadhaa kwa usiku mmoja. Katika mji wa Mayfield, magharibi mwa Kentucky, kiwanda cha mishumaa kiliangukia wafanyakazi na 9 wakafa. Katika mji wa Edwardsville, jimbo la Illinois, watu 6 walikufa ndani ya jengo la kampuni ya Amazon. Kampuni hiyo ilikuwa imeruhusu simu kwa muda kutokana na janga la korona, na ilikusudia kuzizuia tena mwanzoni mwa mwaka 2022. Baada ya kimbunga, wafanyakazi walilalamika kwamba tahadhari za hali ya hewa huja kupitia simu, na kwamba simu iliyo kabatini haimwonyi mtu. Kampuni iliahirisha azma yake, kisha mwaka huo huo wa 2022 ikatangaza kwamba ruhusa ya simu itakuwa ya kudumu.

Lakini dharura si lazima iwe ya risasi au ya kimbunga. Tarehe 9 Agosti 2023, siku ya kwanza ya masomo mjini Louisville, mpango mpya wa mabasi ya shule ulivurugika. Watoto walisubiri vituoni, wengine wakashushwa mahali pasipo pao, na wa mwisho alifika nyumbani karibu saa nne za usiku. Shule zikafungwa kwa siku kadhaa. Mfikirie, msikilizaji, mama aliyeingia zamu ya jioni saa tisa za alasiri akiamini kwamba binti yake wa miaka 7 atashuka mtaani saa kumi. Ujumbe wa shule ulifika katika simu iliyokuwa imefungwa kabatini. Jirani alipiga, shangazi akapiga, na mama akaendelea kupanga masanduku kwa moyo mtulivu, kwa sababu tu hakuwa anajua.

Na huko Buffalo, Desemba 2022, ilivuma dhoruba ya theluji iliyowaua watu zaidi ya 40 katika mji huo na viunga vyake. Amri ya kuzuia magari barabarani ilianza kutumika saa tatu na nusu ya asubuhi ya tarehe 23 Desemba, wakati watu wengi walikuwa wamekwisha kwenda kazini. Kwa muda mrefu hata magari ya wagonjwa na ya zimamoto hayakuweza kupita. Katika hali kama hiyo, kujua mzee yuko wapi, nani anaye mtoto na nani amekwama njiani, ni jambo linaloweza kuokoa uhai.

Wasikilizaji wapenzi, tukichunguza visa hivi tutagundua jambo moja. Marufuku ya simu haimtengi mtu na watu wake moja kwa moja. Babu zetu walifanya kazi bandarini Mombasa na katika mashamba ya mkonge Tanga bila simu mifukoni, na habari za msiba ziliwafikia kwa mjumbe, kwa simu ya maandishi, au kwa matangazo ya vifo yaliyosomwa redioni jioni. Palikuwa na mnyororo uliojulikana. Tatizo la leo ni kwamba simu ya mkononi ilikuja ikauondoa mnyororo huo, kisha mwajiri akaiondoa simu, na hakuna aliyekumbuka kuurudisha mnyororo.

Mnyororo huo una pingili nne. Ya kwanza ni namba inayopigwa. Ya pili ni mtu anayeipokea saa hiyo. Ya tatu ni jina ambalo mtu huyo atakutambua kwalo. Na ya nne ni miguu itakayotembea hadi mahali ulipo. Ikikatika pingili moja, mnyororo wote hauna kazi. Na kwa mhamiaji, kila pingili ina udhaifu wake wa pekee.

Tuanze na namba. Wengi wa watu wetu hawakuajiriwa na ghala lenyewe bali na wakala wa ajira. Katika fomu ya shule, mzazi huandika namba ya ofisi ya wakala, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye karatasi yake ya mshahara. Ofisi hiyo hufungwa saa kumi na moja za jioni, ilhali zamu ya mzazi huendelea hadi alfajiri. Namba iliyo sahihi ni ile ya mahali unapofanyia kazi, na hasa ya chumba cha walinzi au cha msimamizi wa zamu, ambacho huwa na mtu usiku na mchana.

Pingili ya pili ni mpokeaji. Namba yoyote uliyopewa ijaribiwe. Mwombe jamaa aipige usiku mmoja, wakati wa zamu yako, aulize tu kama hapo ndipo pa kuachia ujumbe wa dharura. Ikiwa itajibiwa na mashine, basi umegundua hivyo wakati ambapo hakuna aliyeumia.

Pingili ya tatu, jina, ndiyo inayosahaulika zaidi. Mtaani anaitwa Mama Neema. Katika hati za ukimbizi jina la babu limegeuzwa kuwa la ukoo. Msimamizi, aliyeshindwa kulitamka, anamwita kwa herufi mbili. Mwalimu akipiga na kuuliza jina lililo katika fomu ya shule, mpokeaji atajibu kwa nia njema kabisa kwamba hakuna mtu kama huyo hapa. Kwa hiyo, jina lililoandikwa shuleni na hospitalini liwe lile lile lililo kwenye kitambulisho cha kazi, likifuatiwa na namba ya mfanyakazi, idara na zamu. Mstari huo mmoja hufupisha utafutaji wa nusu saa ukawa wa dakika chache.

Pingili ya nne ni miguu. Muulize msimamizi wako kabla ya shida kutokea: ujumbe wa dharura ukifika, nani huuleta, na mimi naruhusiwa kuondoka kwa utaratibu gani? Swali hili si utovu wa adabu. Mwajiri anayezuia simu ana wajibu wa kiutu wa kueleza njia iliyobaki wazi, na mahali penye uongozi mzuri jibu huwa limekwisha kuandikwa ukutani. Ikiwezekana, wenzako wawili wa zamu moja wajue jina lako kamili na mahali unaposimama.

Pamoja na mnyororo huo, nyumba nayo iwe na maandalizi yake. Katika fomu ya shule pana nafasi ya watu wa kuarifiwa wakati wa dharura. Usijiandike wewe na mumeo pekee, ikiwa nyote wawili mko ghalani. Mweke mtu mmoja mwenye simu wazi wakati wa zamu yako, anayejua Kiingereza kiasi, na aliyeidhinishwa kumchukua mtoto. Namba ya simu ikibadilika, kama zibadilikavyo mara nyingi kwa watu wanaonunua muda wa maongezi kidogo kidogo, shule iarifiwe siku hiyo hiyo.

Mtoto aliye mkubwa kidogo na afundishwe kupiga 911, namba ya dharura isiyolipiwa, na kusema anwani ya nyumba kabla ya jambo jingine lolote. Akishindwa Kiingereza, atamke neno moja tu, "Swahili," na kusubiri bila kukata, kwani vituo hivyo huweza kuunganishwa na mkalimani. Tena, simu ya zamani isiyo na laini wala salio bado huweza kupiga 911, kwa kuwa kanuni za mawasiliano za Marekani huzitaka kampuni za simu zipitishe simu hizo. Iachwe nyumbani, imechajiwa, mahali panapojulikana. Ila tukumbuke kwamba kituo hakitaweza kuipigia simu hiyo ikikatika, na ndiyo sababu anwani hutangulia.

Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto ataachwa bila matibabu hospitalini mpaka saini yao ipatikane. Hofu hiyo ipunguzwe. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1986, hospitali zenye idara ya dharura, zinazopokea malipo ya bima ya serikali kwa wazee, zinapaswa kumchunguza na kuituliza hali ya kila anayeletwa katika hatari, na uhai wa mtoto haungojei saini. Lakini yapo maamuzi yasiyo ya papo hapo ambayo madaktari humngojea mzazi. Kwa hayo inafaa kuwa na barua iliyotiwa saini, inayomruhusu jamaa fulani kuidhinisha matibabu. Mashirika yanayowahudumia wakimbizi katika miji hii huweza kueleza namna ya kuiandaa kulingana na sheria ya jimbo.

Sasa tuje kwenye swali gumu zaidi: dharura ni nini? Saa tano za usiku Louisville, majira ya baridi, ni saa moja ya asubuhi Dar es Salaam. Yaani wakati ndugu nyumbani wanaamka na kutaka kusalimia, kueleza ugonjwa wa mjomba au kuomba karo, huyu wa ghalani ndiyo kwanza anaikabidhi simu kabatini. Mji wa Goma ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Wakongomani wengi wa ughaibuni waliingia kazini bila kujua kama wazazi wao wako hai. Nani atamwambia mtu kama huyo kwamba hilo si la dharura?

Hapa tunapendekeza kipimo kimoja. Kabla ya kumwita mtu kutoka kwenye mkanda wa mizigo, jiulize: je, kuna jambo ambalo yeye peke yake anaweza kulifanya sasa hivi? Ikiwa mtoto wake yuko hospitalini, au lazima atoe idhini, au lazima aende mahali fulani, basi aitwe bila kuchelewa. Lakini ikiwa ni taarifa ya kifo kilichotokea mbali, ambacho hawezi kukizuia wala kufika maziko yake, huenda ni heri angojewe. Wala huu si ugeni kwetu. Mila zetu hazikuruhusu mtu aambiwe msiba akiwa peke yake njiani. Wazee walimwendea, wakamkalisha chini, wakampa maji, ndipo wakasema. Mtu anayepata habari za mama yake kupitia kioo cha simu, saa nane za usiku, akiwa kando ya mashine na wasiomjua, amenyimwa heshima hiyo. Jamaa wawili wakimngojea nyumbani alfajiri watakuwa wamemtendea wema kuliko simu 20 zisizojibiwa. Na ninyi mlio Afrika, mkiona hajibu, msidhani amewatupa. Pigeni kwa yule ndugu mwingine aliyekubalika kuwa mpokea habari wa familia.

Limebaki jambo moja, nalo ni la haki. Kupatikana pekee hakutoshi ikiwa kuondoka kunamgharimu mtu kazi yake. Katika maghala mengi kila kutoka mapema huhesabiwa, na hesabu ikifika kiwango fulani mtu hufukuzwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 humpa mfanyakazi hadi wiki 12 za likizo isiyo na malipo kwa mwaka ili amuuguze mtoto, mwenzi au mzazi aliye mgonjwa sana, lakini humhusu tu aliyetumika miezi 12 na saa 1,250, kwa mwajiri mwenye watu wasiopungua 50. Mgeni aliyeanza kazi mwezi uliopita hayumo. Jimbo la New York, na kwa hiyo Buffalo, lina sheria yake ambayo tangu mwaka 2021 humwezesha mfanyakazi kuitumia likizo ya ugonjwa aliyoilimbikiza, hata kwa kuwauguza jamaa zake, na kwa wafanyakazi walio wengi huwa yenye malipo. Kentucky na Ohio hazina sheria ya jimbo ya namna hiyo. Ndiyo kusema mama wa Louisville na mama wa Buffalo, wakiitwa usiku mmoja kwa homa ya aina moja, hawaondoki kwa amani iliyo sawa.

Kwa waajiri, basi, ombi si kwamba wafungue milango kwa kila simu. Ni kwamba anayefunga njia moja afungue nyingine: namba inayojibiwa saa zote, kitabu cha kuandikia ujumbe na saa ulipopokelewa, king'ora na redio ya tahadhari za hali ya hewa, na msimamizi anayejua kwamba kumpelekea mtu habari za mwanawe ni sehemu ya kazi yake. Na kwa mfanyakazi, kazi ya jioni moja inatosha: kuandika jina, namba, idara na zamu katika karatasi tatu, moja ya shule, moja ya jirani, na moja ya kubandika jikoni karibu na mlango.